Video ya mkaa wa kijani iliyomlaza mdogo wetu hospitali na kichanga chake, Mbeya

Wakuu, wa Mbeya mgonile, wa Iringa kamwene, na wengine wote habari za huko mliko.

Ninachoandika hapa nimekiona au nimekisikia mwenyewe. Ambacho sikukiona nitasema nani kaniambia. Majina ya watu nimeyabadilisha yote, mengine yako kama yalivyotokea.

Nimekaa na jambo hili nikisubiri hasira ipoe ndipo niandike kwa utulivu. Haijapoa. Naandika hivyo hivyo.

Makazi yangu ni Iringa, Mlandege. Kwetu ni Mbeya. Niliwahi kuwa ripota wa redio kabla sijafungua duka la vifaa vya umeme, kwa hiyo ile tabia ya kuuliza nani, wapi, kwa nini, haijanitoka.

Mdogo wangu wa kike, nimwite Sekela, yuko Mbeya. Alikuwa anauza mitumba ya watoto pale Mwanjelwa na biashara ilikuwa inakwenda. Nasema hivi kwa sababu mtu akibadilisha biashara watu hudhani alikuwa amekwama. Sekela hakukwama. Sekela aliangalia simu.

Mnajua zilivyo zile video. Ukiangalia moja mpaka mwisho, simu inakuletea nyingine, na nyingine. Kuna wa funza wa kulishia kuku, kuna wa matofali ya plastiki, kuna wa mbolea ya maganda ya ndizi. Wote wanacheka, wote wana meno mazuri, wote wamevaa tisheti ya kijani.

Aliyemkamata Sekela ni jamaa mmoja wa Dar, nimwite Mr. Kijani. Yeye ni wa mkaa mbadala. Husimama mbele ya rundo la mkaa mweusi unaong'aa, anaunyooshea kidole, anafoka: "Misitu inalia na wewe umelala! Amka, taka za jirani yako ndiyo ofisi yako!"

Nilimuuliza Sekela ni nini hasa kilichomvuta. Nilitegemea aniambie faida. Akanijibu hivi:

"Kaka, hapa sokoni naitwa yule mama wa mitumba. Kule kwenye group la mafunzo wananiita green entrepreneur. Nikiweka picha ya mikono yangu imejaa masizi, watu wananipigia makofi. Nani amewahi kunipigia makofi kwa kukunja soksi za watoto?"

Wanaosema vijana wanaingia biashara za kijani kwa kupenda mazingira wanasema nusu ya habari. Wengi wanaingia kwa sababu kuna mahali wameitwa kwa jina zuri.

Na kusema kweli alifanya kazi. Alikusanya magunzi ya mahindi ambayo watu wa vilimani huwa wanayatupa, akawa anayachoma kwenye pipa lililozibwa mpaka yanakuwa mkaa, anatwanga, anachanganya na uji wa muhogo, anafinyanga kwa mashine ya mkono, anaanika. Mkaa wake unawaka vizuri. Maharage yanaiva, sufuria haichafuki.

Kabla sijaendelea, najua kuna mtu ameshaanza kuandika kwamba mimi napinga nishati mbadala. Sipingi. Nimepita njia ya Chunya nikaona vilima vilivyobaki visiki. Mkaa wa magunzi ni kitu kizuri. Ubaya upo kwenye maneno yanayouuza, na maneno hayo yana mwenyewe.

Kwenye group la Mr. Kijani, ukishalipia mafunzo unapewa matangazo yaliyoandikwa tayari. Kazi yako ni kukopi, kuweka namba yako, kupost. Tangazo lenyewe ni hili: "Mkaa wa kijani. Hauna moshi, hauna sumu, ni salama ndani ya nyumba."

Lisome taratibu. Hauna moshi, karibu ni kweli. Hauna sumu, uongo. Salama ndani ya nyumba, hapo inategemea nyumba iko wapi.

Dar, ndani ya nyumba maana yake ni jikoni kwenye nyumba ya kupanga, mlango wazi, dirisha wazi, joto kila mahali. Hakuna mtu wa Dar anayeingiza jiko la mkaa chumbani ajifungie nalo. Mr. Kijani alipokuwa anaandika tangazo lake hilo halikumjia kichwani.

Sasa lete tangazo hilo hilo Uyole, kwetu Mbeya, mwezi wa saba.

Wa nyanda za juu mnanielewa. Wengine niwaeleze: huku baridi ikishika, jiko halibaki jikoni. Linaingia ndani na sisi. Tunaliota, tunapigia hadithi hapo, tunachoma mahindi hapo. Na mwanamke akijifungua, chumba chake ndicho kinachopewa moto kuliko vyote, kwa sababu mzazi na kichanga hawatakiwi kuguswa na baridi. Mlango unafungwa, nguo nzito inaning'inizwa dirishani.

Lakini mama zetu walikuwa na utaratibu wao. Jiko linawashwa nje. Linapepewa mpaka mkaa wote umeiva, umekuwa mwekundu, hauna tena ule mwali wa bluu. Hapo ndipo linaingizwa. Na watu wakianza kusinzia, linatolewa. Hakuna aliyekuwa anaeleza sababu ni hewa gani. Walijua tu kwamba jiko bichi ndani linaumiza kichwa, na jiko halilali na watu.

Sekela anawajua wateja wake. Baridi ilipoanza akaona tangazo la Dar limepoa, akalichangamsha. Akarekodi video chumbani kwake. Amejifunika blanketi mpaka shingoni, jiko jekundu pembeni ya kitanda, anatabasamu: "Wana Mbeya, baridi inatuonea! Mkaa huu hauna moshi, huna haja ya kuuwashia nje. Washa hapo hapo chumbani, funga mlango, lala nao mpaka asubuhi!"

Mimi niliiona nikiwa dukani, nikacheka lile blanketi.

Ile video ilikimbia. Mpaka watu wa Njombe na Makete walikuwa wanaulizia. Mr. Kijani akaichukua, akairusha kwenye page yake kubwa, akaandika: "Huu ndio ubunifu! Mwanafunzi wangu kutoka Mbeya ameigeuza baridi kuwa soko. Igeni!"

Wakaiga. Sekela alinipigia akiwa analia kwa furaha.

Sasa niwalete kwa mdogo wetu Atupele. Ni mtoto wa mama mdogo. Kwetu huyo si binamu, ni mdogo wako kabisa. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike, na kama ilivyo desturi akaja kulelewa kwa mama yake, Uyole. Sekela akaenda kumpongeza na khanga, sabuni, na gunia la mkaa wake.

Haya ya sasa nimesimuliwa na mama mdogo, na Sekela alikuwepo akisikiliza.

Mama mdogo alitaka kuliwasha jiko nje kama kawaida yake. Atupele akacheka.

"Mama, huo si mkaa wa kienyeji. Ni wa kijani, hauna moshi. Unatoka nje na baridi hii kufanya nini?"

"Na jiko litalala humu?"

"Ndiyo maana yake. Njoo uone, Sekela mwenyewe kalala nalo." Akamwonyesha video.

Mama mdogo aliniambia: "Mwanangu, nilimwona Sekela kwa macho yangu, amelala, anacheka. Ningembishia vipi mtu ninayemwona?"

Wakaliwasha ndani. Wakafunga mlango. Mama mdogo akaenda kulala chumba kingine.

Asubuhi akaja na uji wa mzazi. Akagonga, kimya. Akasukuma mlango, ukagoma katikati. Kilichouzuia kilikuwa mguu wa Atupele. Alikuwa ameanguka sakafuni kati ya kitanda na mlango, ametapika, amejikojolea. Mtoto alikuwa kitandani, amelegea kama kitambaa.

Mama mdogo alipiga kelele, majirani wakavunja uzio kuja. Waliwatoa nje, wakawalaza kwenye majani yenye umande. Mama mmoja jirani akamvua mtoto nguo zote kwenye baridi ile, akampiga piga nyayo. Watu wakamfokea, unamuua mtoto! Akaendelea. Bajaji ikapatikana. Ni ndani ya bajaji ndipo mtoto alitoa sauti, na mama mdogo anasema ilikuwa kama mlio wa paka mdogo, lakini ilikuwa sauti.

Sekela alinipigia. Hakuweza kusema sentensi nzima. Nikapanda basi la kwanza nililolikuta.

Nilipofika, Atupele alikuwa kwenye oksijeni na mtoto kwenye oksijeni. Daktari, kijana mpole tu, alitueleza bila kutupigia kelele. Akasema mkaa wowote, wa mti, wa magunzi, wa kijani, wa rangi yoyote, ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Damu inaibeba hewa hiyo badala ya oksijeni. Moshi angalau unakutoa machozi ukimbie. Hii inakubembeleza ulale.

Sekela akauliza, sauti ikiwa ndogo: "Daktari, hata kama hauna moshi?"

"Dada, ule usio na moshi ndio watu wanaoufungia ndani."

Sekela alikaa chini pale pale kwenye korido.

Wote wawili wametoka hospitali. Mtoto ananyonya, ingawa ameandikiwa kurudi kuangaliwa ukuaji wake. Atupele siye yule. Kichwa kinamuuma, na anasahau. Anamuuliza mama yake kama mtoto amenyonya, anajibiwa ndiyo, anakaa kidogo, anauliza tena. Nimekaa naye sebuleni nimeliona hilo kwa macho yangu. Msichana aliyekuwa anakariri namba za simu za ukoo mzima.

Siku ile ile ya hospitali Sekela alifuta video yake, akakiri kwamba yeye mwenyewe alilitoa jiko nje alipomaliza kurekodi. Lakini yake ilikuwa na watazamaji wachache ukilinganisha na ile iliyorushwa na Mr. Kijani. Hiyo yeye hana uwezo nayo.

Akaandika kwenye group. Nimeuona ujumbe wenyewe: "Wapendwa, mdogo wangu na mwanae wamenusurika kufa kwa mkaa wangu chumbani. Naomba wote mlioiga video yangu mfute. Waambieni wateja wasiufungie ndani."

Majibu niliyoyasoma:

"Pole dada. Lakini una uhakika ni mkaa? Huenda ni mambo ya uzazi."

"Dada Sekela usituharibie soko, huu ndio msimu wenyewe."

"Wako utakuwa haukukauka. Wangu uko vizuri."

Kisha admin akaandika, "Hapa haturuhusu negative energy," akamtoa. Mjasiriamali wa kijani, makofi yote yale, katolewa kama mlevi harusini.

Niliporudi Iringa nikaona sasa niingie mwenyewe. Nikampigia Mr. Kijani, nikajitambulisha, nikamweleza mwanzo mwisho. Mazungumzo naandika kama yalivyokuwa.

"Bro, pole sana aisee. Lakini tuwekane sawa, mimi sijawahi kusema mtu alale na jiko. Hayo ni maneno ya dada yako."

"Wewe ndiye uliyeirusha na kuandika igeni."

"Nilikuwa nampa exposure."

"Sawa. Ifute."

"Unajua ile ndiyo post inayofanya vizuri kuliko zote? Kuna sponsor anaangalia page yangu wiki hii. Nikifuta ghafla inaonekanaje?"

"Kuna watu watakufa."

"Bro, usikuze mambo. Huku kwetu tunalala na feni. Nani analala na jiko?"

"Mbeya nzima, Iringa nzima, Njombe nzima."

"Basi watu wa huko wajiongeze."

Wakuu, nilikata simu kwa sababu nilikuwa dukani na kulikuwa na wateja. Nilipopiga tena alikuwa ameshaniblock. Sekela naye kablokiwa. Tumeripoti ile video pale kwenye kitufe cha kuripoti, sisi na ndugu zetu. Tukajibiwa kwamba haijakiuka taratibu zao.

Kwa tabia yangu nikachimba kidogo. Lile rundo la mkaa anaposimama mbele yake si lake. Nimeliona kwenye page ya mzee mmoja mwenye kiwanda kidogo, rundo lile lile, ukuta ule ule wenye ufa. Nikampigia mzee. Akaniambia: "Yule kijana alikuja akaomba kupiga picha. Mkaa hajawahi kununua kwangu wala sijui kama anaujua." Mtu anafundisha nchi nzima kufanya kitu ambacho hajawahi kukishika!

Nikaanza kuangalia kwa jicho jingine. Si mbali na dukani kwangu, hapa hapa Mlandege, kuna jamaa ana kibanda cha mkaa mbadala. Amebandika boksi lililokatwa, limeandikwa kwa rangi ya kijani: HAUNA MOSHI, HAUNA SUMU, LALA NAO.

Nikamsalimia, nikamwambia ile ya LALA NAO aitoe.

"Kwani mzee wewe ni bwana afya?"

"Hapana. Mdogo wangu amelala nao."

Nikamsimulia. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Nilipomaliza akauliza: "Sasa hivi wazima?"

"Wamepona."

"Ah, basi tumshukuru Mungu. Ungesema wamekufa ningeogopa."

Hapo hapo akaja mama mmoja wa makamo, amejifunga shuka la baridi juu ya kitenge, akaomba mfuko mkubwa. Jamaa kwa kuchangamsha biashara akamuuliza: "Leo mkubwa, mama? Kuna sherehe?"

"Nina mzazi ndani. Binti yangu kajifungua juzi."

Nikamsogelea yule mama. Nikamwambia: "Mama, shikamoo. Naomba usiuwashie mkaa huu ndani. Uuwashie nje mpaka uive wote, uache dirisha wazi, na mkitaka kulala ulitoe jiko. Mdogo wangu karibu afe."

Akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu. "Marahaba, baba. Wewe unauza wa kwako?"

"Siuzi mkaa, mama."

"Basi mbona unamharibia mwenzio? Binti yangu kanionyesha kwenye simu, kuna dada huko Mbeya analala nao kabisa, anacheka."

"Yule dada naye ni mdogo wangu, mama. Ndiye anayelia sasa hivi."

Akatabasamu, tabasamu lile la kumwondokea mlevi kwa heshima. Akajitwisha mfuko. Nikamfuata hatua kadhaa nikimwomba aniambie anakaa wapi, nije nizungumze na binti. Akageuka, sasa amekasirika kweli: "Unanifuata nyumbani kufanya nini? Niite watu?"

Nikasimama. Akakata kona, akapotea.

Sijui nyumba yake. Nimeuliza maduka ya mtaa ule, hakuna aliyemfahamu kwa maelezo yangu. Naendelea kuuliza. Jamaa wa kibanda ametoa lile boksi baada ya mama yule kuondoka, bila mimi kusema tena. Na yeye hajui mama yule anakaa wapi.

Hapo ndipo nilipo, wakuu.

Nilichojifunza nitakisema wazi. Unapoangalia video ya mtu na moyo ukaanza kudunda unataka kuanza biashara kama yake, muulize kwanza anaifanya wapi na kama anaifanya kweli. Maneno yake yanakuja yakiwa yameshonwa kwa hali ya hewa ya kwake na nyumba za kwake. Ukiyavaa huku bila kuyapima, atakayeumia ni mteja anayekuamini, na mteja wa kwanza kukuamini ni ndugu yako. Kuwa wa kijani hakukupi ruhusa ya kusema uongo.

Sekela bado anatengeneza mkaa. Nilidhani ataacha. Amerekodi video nyingine, hana blanketi wala tabasamu, anasema: "Mkaa wangu ni wa kupikia, pikia mahali penye hewa, ukiufungia ndani unaua." Imetazamwa na watu wachache sana, wengi wao ni sisi ndugu zake.

Ile nyingine bado inazunguka.

Kwa hiyo msiniandikie pole. Pole tumezipata nyingi na tunashukuru. Kama wewe ni mmoja wa walioiga, uko Mafinga, Makambako, Tukuyu, popote, toka hapa nenda kwenye page yako sasa hivi. Kama mama yako au shemeji yako ana mzazi ndani, mpigie kabla hujasoma comment za wenzako.

Kisha rudi uandike neno moja tu hapa chini: nimefuta, au nimepiga. Nitakuwa nasoma moja moja. Na ikitokea mmoja wenu ni binti aliyejifungua Iringa, ambaye mama yake alirudi nyumbani na mfuko mkubwa wa mkaa akilalamika kuna mwanaume alimfuata njiani, tafadhali andika chochote.